Bibi wa Mwambani

Tulimuua yule bibi katika raundi ya tatu. Chuma alirusha dadu, ikagonga chupa ya soda, ikatulia kwenye 18, na shoka likaingia begani. Kivuli, ambaye tangu mwanzo alikuwa amejibanza nyuma ya ghala la mtama, akammalizia kwa kisu. Fisi wake akakimbilia kwenye mawe. Mimi nilieleza jinsi alivyoanguka: taratibu, mkono mmoja ukiwa umeshika nguzo ya mlango. Meza nzima ikashangilia. Mtu mmoja akapiga mluzi, na jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu yake, maana ilikuwa saa tano za usiku na sisi ni watu wazima wenye kazi na watoto.

Inabidi nieleze. Jumamosi nyingi, isipokuwa zile za vikoba na misiba, tunakutana sebuleni kwangu Sinza kucheza mchezo ambao bado hatujakubaliana jina lake kwa Kiswahili. Hauna ubao wala kete, na hakuna anayeshinda. Mtu mmoja ni Msimulizi. Yeye ndiye anayeijua dunia ya hadithi, anasema kilicho mbele yenu, na anatoa sauti ya kila mtu ambaye si ninyi. Wengine wote kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, akili zake, uhai wake kwa tarakimu, vilivyomo mkobani. Msimulizi akisema mto umejaa na daraja limekatika, mchezaji anasema atafanya nini. Kama jambo lina mashaka, dadu yenye pande 20 inaamua. Mfululizo mzima wa hadithi unaitwa kampeni, neno lililomfanya mke wangu, mara ya kwanza alipolisikia, aulize tunagombea nini.

Msimulizi ni mimi. Wenzangu nitawaita kwa majina yao ya mezani. Chuma, shujaa wa shoka, ni nesi. Kivuli, mwizi, anauza vipuri vya magari. Ngoma, ambaye uganga wake wote uko kwenye ngoma anayoipiga, anafundisha hesabu sekondari. Mama Dawa ni mhasibu, na kama mhasibu yeyote ndiye anayetunza daftari la safari: nani tulikutana naye, tulimlipa nini, nani tunamdai. Kanuni tunazotumia ni za Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974. Vitabu vyake ni ghali, lakini Januari 2023 kampuni inayoumiliki iliziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria, mtu yeyote azitumie, nasi tukazichapa steshenari na kuzibaindi. Dadu halisi tunayo seti moja tu, ya bluu. Huwa tunapokezana.

Tulianza na Barovia. Wanaocheza mchezo huu wanaijua: ni nchi ya kiza kuliko zote, na asili yake husimuliwa sana. Tracy Hickman alikuwa anacheza zamani hizo, akakutana na mnyonya damu ndani ya pango, katikati ya majoka na mazimwi mengine, akajiuliza: huyu anafanya nini hapa? Hakukuwa na jibu. Alikuwa amewekwa tu pale kama kabati. Tracy na mkewe Laura wakakaa wakatunga mkasa ambao mnyonya damu wake ana sababu, na mwaka 1983 ukachapishwa kwa jina la Ravenloft. Bwana wa ngome ile anaitwa Strahd von Zarovich. Alimtamani Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Siku ya arusi akamuua mdogo wake, na Tatyana akajitupa kutoka ngomeni. Tangu hapo nchi imezingirwa na ukungu, aingiaye hatoki. Strahd anatawala kila kitu hadi kwenye ukingo wa ukungu, na hapo hata yeye anakwama. Ni mtawala na mfungwa wa nchi moja.

Mimi niliposoma hayo nililala nikiwa nimewasha taa. Nikadhani nitawatisha wenzangu kwa miezi sita. Tulitumia kitabu cha mwaka 2016, Curse of Strahd, na nilijitahidi na theluji, na mbwa mwitu, na kengele za kanisa bovu. Kivuli akasema theluji anayoijua yeye ni ile ya friji ikiharibika. Nikaeleza misonobari iliyofunikwa na ukungu, Ngoma akauliza kama ni kama Lushoto. Nikasema, kwa uzembe, ndiyo. Basi Barovia ikawa Lushoto, na hakuna mtu anayeiogopa Lushoto. Wakawa wanaulizana bei ya mapeasi.

Kuna jambo jingine la Barovia nililolipita haraka wakati ule. Ndani ya nchi hiyo wamo watu wanaoitwa Vistani: wanasafiri kwa magari ya farasi, wanabashiri kwa karata, na katika kitabu kile wengi wao ni walevi na vibaraka wa Strahd. Wamechorwa kwa sura ya Waroma wa Ulaya, watu halisi, ambao Wanazi waliwaua kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2020 wachapishaji wenyewe walikiri kwamba maelezo yale yalikuwa yanarudia uzushi wa zamani juu ya watu hao, wakaahidi kuyarekebisha. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikaona ni haki kabisa, na kwamba ni mambo ya Ulaya.

Nikaamua kutunga nchi yangu. Nikaiita Machweo.

Katika Machweo jua halizami. Limening'inia juu ya upeo wa magharibi, jekundu, kwa miaka 40 sasa. Mtemi wa nchi ile aliambiwa kwamba mwanawe mgonjwa hataliona pambazuko. Akaenda kwa wakaao chini ya mwamba, akafanya nao mapatano: jua lisizame. Usiku usipokuja, na pambazuko halitakuja, na mtoto hatakuwa na siku ya kufa. Kwa hiyo mtoto yuko kitandani mpaka leo, hafi, haponi, hakui, na baba yake anakaa kando ya kitanda akimpepea. Nje, mtama unachanua lakini hauivi. Majogoo yameacha kuwika. Watu huziba madirisha kwa ngozi za ng'ombe ili wajitengenezee usiku wa kulala, na anayehesabiwa kuwa tajiri ni mwenye ngozi nyingi, kwa kuwa usiku wake ni mweusi zaidi. Vivuli vya watu, vilivyorefuka kwa miaka yote hiyo, vimeanza kuchelewa: mtu anasimama, kivuli chake kinakuja baadaye kidogo, kinahema.

Naona fahari nikiandika haya, siwezi kuficha. Mawe niliyoyaweka huko ni yale ya kwetu, mawe makubwa yaliyopandana kama watu wanaochungulia. Nilijibu swali la Hickman kwa kila kiumbe. Vivuli vilivyokatika vina sababu yao, mtoza ngozi ana sababu yake, hata mbu wa Machweo nilijua wanakunywa damu ya nani.

Bibi peke yake sikumpa. Nilimwandika ndani ya daladala kati ya Mwenge na Makumbusho, mistari minne: "Mchawi wa Mwambani. Uhai 60. Macho mekundu. Anapanda fisi." Fisi nilimpa jina. Bibi sikumpa jina wala sababu, kwa kuwa sikuona kama anahitaji. Nilitaka tu mkasa wa kuanzia, kijiji ambacho watoto wanaugua homa isiyojulikana na mzee anayeishi peke yake nje ya kijiji. Nilijua kila mtu mezani atamtambua mara moja.

Walimtambua. Nilipoeleza njia ya kupanda mwambani, ule mwanga mwekundu, fisi aliyelala mlangoni mwa mtu kama mbwa wa nyumbani, Ngoma alisonya na kusema, "Huyo namjua." Chuma akasogeza kiti. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kucheza hakuna aliyefanya mzaha. Mwili ulinisisimka kwa furaha. Waliogopa, na baada ya kuogopa wakapigana, na baada ya kupigana wakashangilia kama nilivyosema.

Wakati wengine wanashangilia, Mama Dawa alikuwa ameinamia daftari lake. Mhusika wake hukusanya dawa kutoka kila anachokutana nacho: nyongo ya joka, utando wa buibui. Akasema, "Namkagua. Yale macho mekundu ni ya nini? Kuna sumu humo? Naweza kukamua kitu?" Akarusha dadu. Kumi na tisa.

Inafaa mjue maana ya kumi na tisa. Mchezaji akipata namba kubwa hivyo katika kuchunguza jambo, Msimulizi hana ruhusa ya kumzungusha. Lazima amwambie ukweli wa dunia ile ulivyo. Kama hajautunga, anautunga hapohapo, na ukishatoka mdomoni unakuwa ndio ukweli, hata kwake mwenyewe.

"Ni moshi," nilisema.

"Moshi wa nini?"

"Wa kupikia. Anapikia samadi. Huko juu hakuna kuni."

Chuma akaweka soda chini. Yeye ni nesi, macho yaliyochoshwa na moshi anayaona kliniki. "Kwa hiyo ni bibi tu," alisema. Hakuuliza.

Karatasi yangu ilisema mchawi. Ilikuwa mbele yangu, mwandiko wangu mwenyewe, ningeweza kusema ni mchawi na pia anapikia samadi. Nikasema tumechoka, tuishie hapo kwa leo.

Nilikulia kijijini mkoani Shinyanga. Kaya yetu ilizungushiwa minyaa, na ng'ambo ya njia kulikuwa na kaya ya bibi mjane, rafiki wa bibi yangu. Waliazimana moto na chumvi na kugombana juu ya kuku. Kuni zilikuwa za shida. Miti ya kwetu ilifyekwa zamani, mingine kwa amri za wakoloni waliotaka kufukuza mbung'o, mingine kwa ajili ya pamba, mingine na sisi wenyewe, kwa hiyo wanawake walipikia mabua ya pamba na samadi iliyokaushwa juani. Ule moshi anayeujua anaujua. Ni mzito, haupandi, unajikalia chini ya paa la nyasi ukingoja mtu ainame. Miaka arobaini ya kuinama ndani yake huacha alama. Macho ya bibi wa ng'ambo yalikuwa mekundu. Macho ya bibi yangu pia yalikuwa mekundu. Tofauti yao ni kwamba bibi yangu alikuwa na watoto wanne wa kiume waliojenga karibu naye.

Kwamba wanawake wazee wa Usukumani wameuawa kwa sababu ya rangi ya macho si siri niliyoifichua mimi. Imeandikwa magazetini miaka na miaka. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Tunalo hata jina maalumu, ramli chonganishi, kwa ile ramli ambayo kazi yake ni kumtafutia mtu adui. Mimi nililisikia neno hilo redioni nikiwa mtu mzima, nikastaajabu jinsi lilivyo sahihi, kisha nikabadilisha stesheni.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa kaya ya tatu kutoka kwetu aliugua homa siku mbili akafa. Kabla ya hapo, katika mwezi mmoja, ng'ombe wao wawili walikuwa wamekufa. Akaletwa mganga kutoka mbali, akapasua kuku, akasoma ndani yake, akasema adui yuko upande linakozama jua, na kwamba anacho cha kupanda usiku. Hakutaja jina. Nimefikiria sana ufundi wake tangu nimekuwa Msimulizi. Aliacha nafasi yenye ukubwa wa mtu mmoja, wasikilizaji wakaijaza wenyewe.

Jioni ile wanaume walikaa chini ya mkwaju. Niliitwa kwa sababu mbuzi wetu nilikuwa nawachungia upande ule. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, upole ambao sikuwa nimewahi kuuona mtu mzima akiutumia kwa mtoto: "Kijana wetu, kwa yule bibi, jioni, hujapata kuona kitu?"

Nilikuwa mtoto wa hadithi. Bibi yangu alikuwa na desturi ya kuniambia kila usiku, baada ya kula, "Haya, tudanganye," nami namtungia kisa mpaka asinzie. Nilizoea mtu mmoja, tena mwenye usingizi. Sasa nilikuwa na wanaume kumi na zaidi.

Nikasema nimeona fisi. Wakakaa kimya, na niliona kwamba kimya kile kinaningoja. Nikaongeza kwamba fisi alikuwa amelala mlangoni kama mbwa. Kimya kikazidi. Nikaongeza kwamba alifungwa kitambaa shingoni.

Kuhusu fisi sijui, mpaka leo. Fisi walikuwepo kwetu, kila mtoto wa mbuzi aliwahi kumwona fisi mahali fulani, na huenda niliwahi kumwona mmoja akikatiza pale. Kitambaa ndicho ninachokijua vizuri. Nakumbuka hata nilivyosita kati ya cheupe na chekundu, nikachagua chekundu.

Hakuuawa. Huwa naiweka mapema sentensi hiyo kila ninapojisimulia mambo haya. Mtu alimpenyezea habari, akaondoka usiku uleule kabla majogoo hayajawika, na kulipokucha paa lake lilikuwa linawaka. Sungusungu walikuja, wakapuliza filimbi, wakaandika majina, wakaenda zao. Msimu uliofuata majaruba yake ya mpunga yalilimwa na yule mzee mpole. Sisi pia tulipata kipande, cha upande wa kijito. Wali wa jaruba lile nimeula, ulikuwa mzuri.

Bibi yangu hakunigombeza wala kuniuliza chochote. Ila hakuniambia tena nimdanganye.

Jumatano, kati ya mchezo ule na uliofuata, Mama Dawa alinitumia ujumbe: "Nafunga hesabu za safari. Jina la yule bibi ni nani? Umempa jina fisi tu." Nilikuwa kazini. Nilianza kuandika jina lolote, nikashindwa, kwa sababu wakati natafuta jina la bibi wa kutunga niligundua kwamba hata yule wa kweli silijui la kwake. Sisi watoto tulimwita Bibi Ng'ambo.

Nilimpigia mama jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

Tukasalimiana vizuri, tukazungumza mvua na bei ya dawa za presha. Kisha nikamuuliza yule bibi wa ng'ambo ya njia alikuwa anaitwa nani.

"Bibi yupi?" Alikuwa anamjua. Sauti ilishuka.

"Yule aliyehama."

"Hakuhama," mama alisema.

Nikasikia redio yake ikipunguzwa. Halafu akanitajia jina, lake na la baba yake, yote mawili bila kutafuta, kama mtu anayesoma kwenye kadi. Akasema alifia Kahama kwa binti yake, mwaka uleule aliofariki bibi yangu. Akasema bibi yangu alikuwa akimpelekea michembe kila baada ya mavuno, anapanda basi, anadanganya anakwenda hospitali. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma bweni. Ni yeye pia, mama akasema, aliyekwenda kumgongea dirisha usiku ule.

"Mimi sikujua," nilisema.

"Ungejuaje, ulikuwa mtoto." Akanyamaza. "Mbona unauliza leo?"

Nikamwambia nimekumbuka tu. Sikuwa na namna ya kumwambia mama yangu, mwenye miaka sabini na mbili, kwamba tumemuua bibi kwa dadu Jumamosi sebuleni na rafiki yangu anafunga hesabu.

Jina hilo sitaliandika hapa, na mezani pia sikulitumia. Mama Dawa nilimpa jingine, jina zuri la kawaida.

Jumamosi iliyofuata Ngoma alitoa hoja turudishe mkanda nyuma. Msimulizi anaweza kufanya hivyo, wengine hufanya: tunasema yale hayakutokea, bibi yuko hai, tunapanda upya mwambani tukibisha hodi. Nilikuwa tayari kukubali kabla hajamaliza. Chuma alikataa. Akasema kilichotokea mezani kimetokea, shoka lake lina damu, na kama tunafuta kila tunachojutia basi hatuchezi kitu. Mwisho wa mambo ikawa hivyo.

Nilikuwa nimetumia wiki nzima kuiandika upya Machweo kuanzia chini ya mwamba ule. Watoto hawakupona baada ya bibi kufa, bila shaka. Homa yao ilitokana na kutolala, kwa kuwa wazazi wao walikuwa wameuza ngozi za madirishani kwa mtoza kodi. Ndani ya nyumba ya bibi wachezaji walikuta mafiga matatu, samadi iliyopangwa vizuri ukutani, na sahani mbili. Kivuli aliuliza ya pili ya nani. Nilimwambia sijui bado. Bondeni walikuta shamba la bibi limekwisha pimwa kwa kamba, vigingi bado vibichi.

Kuhusu fisi niliandika kwanza kwamba alikuwa amevunjika mguu, na bibi alikuwa amemfunga bandeji. Kitambaa chekundu. Kiliingia chenyewe na kilikaa vizuri sana: bibi mwema, mnyama aliyejeruhiwa, na mtu aliyeona kitu cha kweli akakielewa vibaya. Nilikitazama kwa siku mbili. Halafu nikakifuta, fisi nikamwacha na miguu yake minne mizima na shingo tupu.

Ilipofika saa nne wakauliza swali nililojua watauliza. Kijiji kizima kilikuwa kimewaambia kwamba bibi ni mchawi. Nani alikuwa wa kwanza kusema? Nikawapitisha kwa mwenyekiti, mwenyekiti akawapeleka kwa mganga, mganga akasema yeye hakumtaja mtu. Wakazunguka karibu saa nzima. Mwishowe wakafikishwa kwa kijana mmoja mchunga mbuzi, wa miaka tisa, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe huku kivuli chake kikimfika kwa kuchelewa. Nilikuwa nimemwandikia mistari mingi. Karatasi ilikuwa imelala chini ya kiwiko changu.

Kivuli alitaka kumtisha kwa kisu. Chuma akamwambia akae. Mama Dawa akachukua dadu ya bluu. Kanuni zinamruhusu, anarusha, na akipata namba kubwa Msimulizi anamwambia kama anayezungumza naye ni mkweli au mwongo. Aliizungusha kwenye vidole kwa muda. Kisha akairudisha kwenye kisosi.

"Sirushi," alisema. "Namuuliza mwenyewe." Akanigeukia. "Mtoto, wewe. Ulimwona kweli huyo fisi?"

Wote wanne walikuwa wananitazama. Feni ilikuwa inazunguka, na hakuna aliyekuwa anakula.

"Fisi sina hakika," nilisema kwa sauti ya yule kijana. "Kitambaa ndicho nilichokitunga."

Mama Dawa alikuwa ameshaanza kuandika. Akainua kalamu, akarudi ukurasa mmoja nyuma, kisha mwingine.

"Kitambaa gani?" Chuma akauliza.